Hesabu ya marudio imehamia kwenye simu, lakini namba anaandika nani?

Tangu Machi 17, 2019, Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alipofungua soko la madini la Geita, mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa ana mahali pa kupeleka dhahabu yake ikapimwa mbele ya macho yake. Bei ya siku anaijua, mizani anaiona, na risiti anaondoka nayo. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza, na safari ya dhahabu ndani ya nchi ikasogea hatua nyingine.

Lakini soko linaanza kazi pale dhahabu inapokuwa tayari. Kabla ya hapo kuna biashara nyingine kubwa inayofanyika mbali na mizani ya serikali, kwenye mialo ya Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, na kwa upande wa Mwanza huko Misungwi. Hiyo ni biashara ya marudio. Siku hizi hesabu zake hazikai kwenye daftari la karani peke yake. Zimo kwenye jedwali la Excel au Google Sheets ndani ya simu, na jedwali hilo linatumwa kwa WhatsApp kama picha ya harusi. Makala hii inaeleza jedwali hilo linakokotoa nini, na kwa nini mwenye marudio anapaswa kulidai.

Kwa msikilizaji asiyeishi karibu na machimbo: marudio ni mchanga laini unaobaki baada ya mawe kusagwa, kuoshwa na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Zebaki inaiweza dhahabu ya chenga. Ile laini kama unga wa muhogo inaiponyoka. Kwa kawaida njia hii hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwemo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mali inalala kwenye lundo la mchanga pembeni ya mwalo. Kwenye mialo mingi lundo hilo hubaki kwa mwenye mwalo kama sehemu ya malipo ya kusaga, au huuzwa kwa tripu, kwa kukisia. Halafu linapelekwa kwenye plenti, linalowekwa kwenye matenki yenye maji ya sayanaidi, na dhahabu inayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Maji hayo hupitishwa kwenye kaboni, yaani chengachenga za mkaa maalumu, ambazo huinasa dhahabu. Mwisho kaboni hupelekwa kwenye mtambo wa kuitoa dhahabu, na kwa miaka mingi mitambo mingi ya namna hiyo ilikuwa Mwanza.

Kazi hiyo yote, kuanzia tenki hadi kaboni, ni uhandisi wa kemikali. Neno ni kubwa, ila hesabu yake ya msingi ni kuzidisha tu.

Namba tatu

Chukua mfano huu, ambao namba zake ni za kufundishia. Umeleta plenti tani 40 za marudio. Kwanza ondoa maji: kama mchanga una unyevu wa asilimia 15, mchanga mkavu ni tani 34. Maabara inasema kila tani ina gramu 3.5 za dhahabu. Zidisha 34 kwa 3.5, unapata gramu 119. Hiyo ndiyo dhahabu iliyomo. Plenti haiwezi kuitoa yote. Tuseme inatoa asilimia 65. Zilizobaki mkononi ni gramu 77 na kidogo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 200,000 kwa gramu, hiyo ni shilingi 15,470,000, kabla ya gharama za dawa, mafuta, vibarua na tozo za serikali.

Uzito mkavu, gramu kwa tani, na asilimia inayotoka. Namba hizo tatu ndizo zinazoamua bei ya tripu yako. Nyingine zote kwenye jedwali, hata lingekuwa na rangi kumi na mistari mia, zinazaliwa na hizo tatu pamoja na bei ya soko.

Sasa zichezee kidogo. Ukisahau kuondoa maji, simu itakuonyesha shilingi 18,200,000. Tofauti ni shilingi 2,730,000 za maji ya mvua, na hilo linamuumiza mnunuzi. Geuza upande mwingine: kama usomaji wa maabara ungekuwa 2.5 badala ya 3.5, jedwali lingeshuka hadi shilingi 11,050,000. Gramu moja kwenye karatasi ya maabara imebeba shilingi 4,420,000, na hapa anayeumia ni muuzaji. Hakuna aliyeiba kitu kwa mkono. Namba imebadilika tu kwenye kisanduku kimoja cha simu.

Ndiyo maana ukisikia mtu anakuambia "kompyuta imesema," muulize kompyuta iliambiwa nini.

Hesabu zenyewe ni za zamani kuliko simu. Njia ya sayanaidi iliandikishwa hataza huko Glasgow, Scotland, mwaka 1887, na miaka michache baadaye ilikuwa imeenea migodi ya Afrika Kusini. Wahandisi wa wakati huo walikokotoa kwa rula maalumu ya kuteleza. Kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushika mkononi, HP-35, kilitoka mwaka 1972. Jedwali la kwanza la kompyuta lililouzwa kwa watu wengi, VisiCalc, lilikuja mwaka 1979. Simu ya bei ya chini inayouzwa leo kwenye maduka ya Mwanza ina nguvu ya kukokotoa ambayo mhandisi wa 1979 hakuwa nayo mezani kwake, na jedwali likishahifadhiwa kwenye simu linafanya kazi hata pasipo na mtandao. Kwa hiyo kusema hesabu za plenti ni za wasomi peke yao ni sababu iliyopitwa na wakati. Kijana aliyemaliza kidato cha pili anaweza kuzirudia akiwa amekaa juu ya pikipiki.

Tatizo liko kwenye sampuli

Namba ngumu kuliko zote ni ile ya gramu kwa tani, kwa sababu inatoka kwenye kifuko kidogo cha mchanga kinachosimama badala ya lori zima. Dhahabu haikai sawasawa kwenye lundo. Ile nzito huzama chini, mvua huosha upande mmoja, na tripu ya jana huenda ilitoka duara tofauti na ya leo. Ukichota kiganja juu ya lundo umepima juu ya lundo, basi.

Utaratibu unaokubalika ni wa jasho, lakini hauhitaji mashine. Chota kidogo kidogo sehemu nyingi, juu, kati na chini, kwa bomba au koleo dogo. Changanya yote kwenye turubai. Tandaza iwe duara kama chapati, igawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, gawa tena. Endelea hadi ubakiwe na kilo moja au mbili. Hapo ndipo ugawanye mafungu matatu: moja la mnunuzi, moja la muuzaji, na la tatu lifungwe, lisainiwe na pande zote mbili na kuwekwa kando. Majibu ya maabara mbili yakipishana sana, fungu la tatu linapelekwa kwenye maabara nyingine iliyokubaliwa, na jibu lake ndilo linalotumika. Kampuni kubwa zinazouziana madini hufanya hivyo kila siku. Sioni kwa nini mama mwenye tripu mbili za marudio asifanye hivyo, hasa akiwa amejiunga na wenzake kwenye kikundi na kugawana gharama ya maabara.

Unyevu ni rahisi zaidi. Pima kilo moja ya mchanga mbichi, uukaushe kabisa, kisha upime tena. Ukipata gramu 850, unyevu ni asilimia 15. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi jikoni, kwa sababu mchanga huo una zebaki. Kaushia nje, mahali penye upepo, jua likusaidie. Usiuchome motoni kwa haraka ukavuta mvuke wake.

Asilimia inayotoka ndiyo namba inayopenda kutajwa kwa mdomo. "Plenti yetu inatoa sitini." Sitini ya nini? Hesabu yake inahitaji vipimo viwili, cha mchanga kabla ya kuingia tenkini na cha mchanga baada ya kutoka. Ikiwa uliingia na gramu 3.5 na ukatoka na 1.2, zilizoyeyuka ni 2.3, ambayo ni karibu asilimia 66. Kama hakuna aliyepima mchanga uliotoka, hiyo sitini ni mazoea. Inaweza kuwa kweli kwa mchanga wa Rwamgasa na isiwe kweli kabisa kwa mchanga wenye shaba au wenye mawe ya salfa, ambao hula dawa nyingi na kuachia dhahabu kidogo.

Daftari la kila siku

Marudio yakishaingia tenkini, jedwali hubadilika kuwa daftari la mapato. Hapa simu inasaidia kweli, kwa sababu kila siku kuna namba mpya na kichwa cha binadamu huchoka.

Tuseme maji yanayozunguka kwenye mchanga na kupita kwenye kaboni ni lita 20,000 kwa siku. Siku ya kwanza maji yanayoingia kwenye kaboni yana miligramu 1.8 za dhahabu kwa kila lita, na yanayotoka yana 0.1. Yaliingia na gramu 36, yakatoka na gramu 2, kaboni imenasa gramu 34. Siku ya pili maji yanaingia na 1.0: gramu 18 zimenaswa. Siku ya tatu yanaingia na 0.6: gramu 10. Jumla ya siku tatu ni gramu 62. Mstari unashuka kila siku, na unapokaribia sifuri mwenye plenti anajua kwamba kuendelea kuzungusha maji ni kuchoma dizeli bure.

Faida kubwa ya daftari hili inaonekana mwishoni. Kaboni inatolewa, inafungwa na kusafirishwa kwa kibali hadi kwenye mtambo. Ikiwa jedwali lako linasema kaboni imebeba gramu 75 na mtambo unakupa gramu 60, una gramu 15 za kuuliza. Huenda zimebaki ndani ya kaboni kwa sababu haikuchemshwa vizuri. Huenda vipimo vya maji vilikuwa na kasoro. Huenda pia zimepata miguu. Bila jedwali usingejua hata kwamba kuna swali.

Ni vyema mwenye marudio aliyekubaliana kugawana dhahabu na plenti, badala ya kuuza tripu moja kwa moja, atumiwe picha ya jedwali kila jioni, siku ileile. Jedwali linaloletwa lote kwa pamoja baada ya wiki mbili, likiwa safi na limenyooka, linaweza kuwa limeandikwa usiku mmoja.

Pale ambapo kosa linaua

Hadi hapa tumezungumza pesa. Kuna safu moja kwenye jedwali ambayo ikikosewa haidaiwi mahakamani. Ni safu ya chokaa.

Sayanaidi hukaa ndani ya maji yakiwa na ukali wa chokaa wa kutosha. Ukali huo unapimwa kwa namba ya pH, na plenti hulenga kati ya 10 na 11. Namba ikishuka, dawa inageuka kuwa gesi na kupanda hewani, na gesi hiyo inaua kwa dakika chache. Watu wengi hudhani kushuka kutoka 10.5 hadi 9.2 ni jambo dogo, kama joto kupungua digrii moja. Sivyo inavyokwenda. Kwenye 10.5, takriban sehemu moja tu kati ya ishirini za dawa iko katika hali ya gesi iliyoyeyuka majini. Kwenye 9.2 ni nusu nzima. Hii ni hesabu ambayo kichwa hakiwezi kuikisia, ila jedwali la simu linaifanya mara moja ukiwa umeliandalia kanuni yake, na linaweza hata kugeuza kisanduku kuwa chekundu namba ikishuka chini ya 10.

Kiasi cha chokaa hupatikana kwa jaribio dogo la ndoo, kabla dawa yoyote haijafika karibu. Kilo moja ya marudio, maji, na chokaa inaongezwa gramu kwa gramu hadi pH itulie pale inapotakiwa. Ikiwa kilo moja ilikula gramu 2, tani 34 zitakula kilo 68. Chokaa inatangulia, inachanganywa, pH inapimwa tena tenkini, ndipo dawa ifuate. Na chokaa iliyokaa kwenye mfuko wazi msimu mzima imekwisha nguvu kwa hewa, hivyo kilo 68 za karatasini zinaweza kuwa 40 kwa kazi. Simu haijui hilo. Kifaa cha kupimia pH nacho kinapotoka taratibu. Kinahitaji kulinganishwa na maji yake maalumu kila asubuhi, vinginevyo jedwali litakupa utulivu wa uongo.

Usitegemee pua. Inasemwa kwamba gesi hii inanukia kama lozi chungu, lakini watu wengi kwa maumbile yao hawaisikii kabisa.

Jambo la mwisho kwenye usalama, dogo lakini la nyumbani: simu ya jedwali ikae na karani aliye mbali na matenki. Glavu iliyogusa dawa isiguse kioo cha simu ambayo jioni mtoto ataichezea.

Makosa ya simu yenyewe

Jedwali lina hila zake. Simu nyingine zimewekwa lugha au nchi ambayo nukta na mkato vimebadilishana kazi, hivyo ukiandika 3.5 inaweza kuisoma vingine kabisa au kuiona kama tarehe. Kuna kosa la gramu na miligramu, ambalo linazidisha au kupunguza mara elfu. Kuna kanuni iliyonakiliwa kutoka jedwali la mtu mwingine, na ndani yake kuna asilimia 65 iliyofichwa ambayo hukuiandika wewe.

Dawa yake ni moja: kabla ya kuliamini jedwali jipya, liingizie mfano unaoujua jibu. Weka tani 40, unyevu 15, gramu 3.5, asilimia 65. Kama halikupi gramu 77.35, lina kasoro au lina siri.

Serikali iko wapi?

Taasisi hazikosekani. Tume ya Madini inatoa leseni za uchenjuaji. Sayanaidi haiuzwi kama mbolea. Mwenye kuishika lazima asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. STAMICO ina vituo vya mfano vya kufundishia wachimbaji wadogo uchenjuaji bora, na viwili kati yake viko mkoani Geita, Lwamgasa na Katente. Hizo ni hatua za kweli. Lakini kwa maoni yetu mwanga wa soko la madini haujafika kwenye lundo la marudio. Mchimbaji anafundishwa kuepuka zebaki, anafundishwa leseni, anafundishwa kodi. Kusoma karatasi ya maabara na kuirudia hesabu yake kwenye simu ni somo la asubuhi moja, na linaweza kumrudishia pesa nyingi kuliko semina nyingi alizokaa.

Kuna jambo linalowahusu hata wasiochimba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataja waziwazi miongoni mwa mambo ya kukomeshwa: kuloweka kwa sayanaidi mchanga ulioguswa na zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Sababu ni kwamba sayanaidi huyeyusha zebaki kama inavyoyeyusha dhahabu, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kuliko ile iliyotulia kwenye mchanga. Marudio mengi ya Kanda ya Ziwa ni mchanga wa namna hiyo hasa. Na sehemu ya maji ya kanda hii inaelekea ziwani, ambako jiji la Mwanza linachota maji ya bomba na wavuvi wanatoa sangara na dagaa. Januari 2000, bwawa la mabaki ya dhahabu lilipopasuka Baia Mare, Romania, maji yenye sayanaidi yaliingia mtoni na kuua samaki hadi nchi jirani ya Hungaria.

Kwenye majedwali ya plenti, safu ya zebaki ni nadra kuonekana, kwa kuwa hakuna anayelipwa kwa kuijaza. Kuiongeza kunahitaji vipimo viwili: kipimo cha zebaki kwenye mchanga unaoingia, na kingine kwenye maji yanayotoka. Kipimo cha zebaki ni tofauti na cha dhahabu na kina gharama yake, lakini maabara inaweza kuombwa vyote viwili kwa pamoja, na mkaguzi anayekuja na simu yake aulize safu hiyo imeandikwa nini.